Nyumba za Kukodishwa kwa Usiku Machakos: Kibali cha Nani, Wajibu wa Nani

Malazi ya muda mfupi, yaani nyumba au chumba chenye samani kinachokodishwa kwa usiku, kwa wikendi au kwa majuma machache bila mkataba wa upangaji wa kila mwezi, yalienea katika miji midogo ya Kenya kabla sheria za miji hiyo hazijayatafutia mahali pa kuyaweka. Machakos inafaa kuchunguzwa kwa makini katika jambo hili, kwa sababu iko takriban kilomita 65 kutoka Nairobi, karibu kiasi cha kuvuta wageni wa mwisho wa wiki na mbali kiasi cha kuwashawishi walale, na pia kwa sababu kaunti inayobeba jina la mji huo ina masoko mawili ya malazi yasiyofanana hata kidogo. Sheria zinazoihusu biashara hii ni nyingi, lakini karibu zote ziliandikwa na watu waliokuwa wakiiwazia hoteli, na matokeo yake ni kwamba zinamsaka mwenye jengo na kumtoza ada ilhali mgeni, jirani na polisi wanamhitaji mtu mwingine kabisa: yule anayeweza kufika mlangoni saa nane za usiku.

Kisheria Machakos si jiji. Hadhi ya jiji nchini Kenya imetolewa kwa Nairobi, Mombasa, Kisumu, Nakuru na, tangu mwaka 2024, Eldoret. Machakos ni manispaa chini ya Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011, ikiwa na bodi inayosimamia huduma kwa madaraka yaliyokasimiwa na serikali ya kaunti. Hata hivyo mji huu ni mkongwe kuliko Nairobi, kwani ulikuwa kituo cha kampuni ya Imperial British East Africa mwishoni mwa miaka ya 1880, na ulibaki makao ya utawala wa Waingereza katika eneo hilo la bara hadi mwaka 1899, wakati shughuli zilipohamishiwa kwenye kituo kipya cha reli kilichokuja kuwa Nairobi. Reli iliupita kando, mji ukabaki mdogo, na sasa barabara ndiyo inayourudishia wageni: barabara ya kulipia ya Nairobi, yenye urefu wa kilomita 27 kutoka Westlands, ilianza kutumika mwaka 2022, na inaishia Mlolongo, ndani ya Kaunti ya Machakos yenyewe.

Wageni wa mji huu wa Machakos huja kwa mawimbi. Bustani ya umma ya People's Park, iliyojengwa wakati wa ugavana wa Alfred Mutua, mashindano ya raga ya Masaku Sevens ambayo kwa miaka kadhaa yamewavuta vijana kutoka Nairobi, mahafali ya Chuo Kikuu cha Machakos kilichopata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2016, vikao vya Mahakama Kuu, warsha za idara za serikali, arusi na mazishi, pamoja na matembezi ya vilima vya Mua na Kituluni, haya yote huyapandisha mahitaji ya vitanda ghafla kwa siku mbili au tatu, kisha yakashuka. Hoteli haiwezi kujengwa kwa ajili ya siku mbili. Mwekezaji anayejenga vyumba 60 lazima ahesabu pia usiku wa Jumanne ambao hakuna anayelala humo, na ndiyo sababu nyumba za kawaida, zile za familia zenye chumba cha ziada na zile za kupanga zilizowekwa samani, hubeba ziada ya mahitaji kwa gharama ambayo hoteli isingeimudu. Faida ya mpangilio huu kwa mji mdogo ni kubwa, kwa kuwa fedha za mgeni huishia kwa mama mwenye nyumba, kwa dobi, kwa kijana anayeuza maji na kwa duka la jirani, badala ya kukusanyika katika majengo matatu au manne.

Upande wa pili wa kaunti hali ni tofauti. Syokimau, Mlolongo na Athi River, maeneo yaliyo chini ya manispaa ya Mavoko, ni vitongoji vya Nairobi kwa kila kitu isipokuwa mpaka wa kiutawala. Uwanja wa ndege wa kimataifa wa Jomo Kenyatta na kituo cha Nairobi cha reli ya SGR viko karibu, wasafiri wa kulala usiku mmoja wapo mwaka mzima, na nyumba nyingi ni fleti ndani ya majengo ya ghorofa ambamo mwenye fleti anaweza kuwa anaishi mtaa mwingine, kaunti nyingine au nchi nyingine, huku fleti kadhaa za wamiliki tofauti zikiendeshwa na mtu mmoja anayefanya kazi hiyo kwa kamisheni. Huko mgeni hupewa namba ya kufungulia mlango kwa simu na anaweza kuingia na kuondoka bila kuonana na mtu. Sheria ya Fedha ya kaunti, ambayo ndiyo sheria ya kila mwaka inayoweka ada na tozo, ni moja kwa Mua na kwa Mlolongo, na hapo ndipo ugumu unapoanzia.

Mtu anayetaka kufuata sheria zote kwa ukamilifu hukutana na milango mingi. Wa kwanza ni ule wa matumizi ya ardhi: Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inamtaka mtu apate idhini ya kaunti kabla ya kubadili kwa kiasi kikubwa matumizi ya ardhi au jengo, kwa mfano kutoka makazi kuwa biashara. Je, nyumba ya makazi inayolaza wageni tofauti kila wikendi imebadili matumizi? Jibu halijitokezi waziwazi katika maneno ya sheria, na ukimya huo una gharama, kwa kuwa ofisa mmoja anaweza kuidai idhini hiyo na mwingine asiidai, na mahali ambapo ofisa ana hiari isiyo na mipaka, mwenye nyumba hununua amani kwa njia ambazo haziingii katika vitabu vya kaunti. Mpango wa manispaa unaweza kulimaliza jambo hili kwa kifungu kimoja kinachosema kwamba mtu anayekodisha vyumba ndani ya nyumba anayoishi mwenyewe hajabadili matumizi, ilhali anayegeuza jengo zima kuwa malazi ya usiku amebadili.

Mlango wa pili ni kibali cha biashara cha kaunti, na watatu ni leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, taasisi ya kitaifa iliyoundwa na Sheria ya Utalii ya mwaka 2011. Jedwali la sheria hiyo linaorodhesha shughuli zinazohitaji leseni, na miongoni mwake zimo nyumba za wageni, fleti zenye huduma, na makao ya familia, yaani nyumba ambamo mgeni hukaa pamoja na mwenyeji wake. Kwa hiyo dai linalosikika mara nyingi kwamba biashara hii haina sheria si sahihi. Imekuwa ndani ya sheria tangu mwanzo, ila mamlaka ya kitaifa haina macho ya kuona kila mlango wa mitaa ya Machakos kama Katoloni au Mumbuni. Baada ya leseni huja tozo ya asilimia 2 ya mapato kwa Hazina ya Utalii, ukaguzi wa afya na wa kinga ya moto, kisha Mamlaka ya Ushuru ya Kenya.

Suala la kodi linahitaji maelezo zaidi, kwa sababu wenye nyumba wengi hujiweka mahali pasipo pao bila kujua. Kodi ya mapato ya pango la makazi, ambayo tangu Januari 2024 hutozwa kwa asilimia 7.5 ya pango lote kwa mwenye mapato ya kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, iliwekwa kwa ajili ya nyumba za kuishi. Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2013 nayo inalisamehe pango la makazi, lakini inapofafanua makazi inaondoa hoteli na malazi ya mapumziko, hivyo kwamba mwenye fleti nyingi za usiku anayefikisha mauzo ya shilingi milioni 5 kwa mwaka anapaswa kujisajili na kutoza asilimia 16, wakati jirani yake anayepangisha fleti ileile kwa mwezi hatozi chochote. Wenye vyumba viwili au vitatu Machakos hawafiki kiwango hicho hata wakijitahidi. Wanaokifikia ni wale waendeshaji wa fleti nyingi, na ndio wanaofaidika zaidi pale ambapo hakuna orodha inayoonyesha nani anaendesha nini.

Hapa linazuka wazo ambalo kaunti nyingi zingelipenda, la kutoza kiasi fulani kwa kila kitanda kwa kila usiku, kama miji mingi ya Ulaya inavyofanya. Wazo hilo linagonga ukuta wa Katiba. Kifungu cha 209 cha Katiba ya mwaka 2010 kinaziruhusu kaunti kutoza kodi ya mali, kodi ya burudani na kodi nyingine yoyote itakayoidhinishwa na sheria ya Bunge, na zaidi ya hapo kaunti hutoza ada kwa huduma inazotoa. Kodi ya kitanda isiyo na sheria ya Bunge nyuma yake ingeweza kupingwa mahakamani kwa wepesi. Ada ya kibali, kwa upande wake, ni halali mradi kuna huduma inayolipiwa, na jambo hilo lingepaswa kuilazimisha Machakos ijiulize kwanza inamtolea mwenye nyumba huduma gani kabla ya kupanga kiasi cha kumdai. Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti leseni za biashara, utalii wa maeneo yao, mipango ya ardhi na udhibiti wa kelele. Zana za kazi hii zote zimo mikononi mwa kaunti tayari.

Msukumo mkubwa wa kutaka vibali haukutoka kwenye hesabu za mapato. Januari 2024 wanawake wawili waliuawa katika nyumba za kukodishwa kwa muda mfupi jijini Nairobi, mmoja South B na mwingine Roysambu, na tarehe 27 ya mwezi huohuo maelfu ya watu waliandamana katika miji kadhaa kupinga mauaji ya wanawake. Serikali ya kitaifa iliwakumbusha wenye nyumba hizo kwamba wanapaswa kusajiliwa na kupata leseni. Lilikuwa agizo sahihi, lakini leseni iliyobandikwa ukutani haimlindi mwanamke aliyefungiwa ndani ya fleti. Kinachomlinda ni kwamba kuna mtu aliyempokea yeye na aliyeandamana naye, aliyeviona vitambulisho vyao, anayejua ni wangapi waliingia, na anayeishi karibu kiasi cha kusikia au kuitwa. Hoteli, hata ndogo, kwa kawaida ina mtu wa mapokezi usiku kucha. Fleti ya kujifungulia mwenyewe haina, na hakuna karatasi inayoweza kuziba pengo hilo isipokuwa karatasi hiyo imtaje mtu na kumwajibisha.

Kenya ilikwisha kujaribu njia nyingine ya kuwajua wakazi. Baada ya shambulio la Westgate la Septemba 2013 mpango wa Nyumba Kumi, wenye asili yake katika mabalozi wa nyumba kumi wa Tanzania, ulisambazwa nchini ili majirani wafahamiane, na shambulio la hoteli ya DusitD2 la Januari 2019, ambalo baadhi ya wahusika wake walikuwa wamepanga nyumba Muchatha katika Kaunti ya Kiambu, liliufufua mjadala huo. Lakini Nyumba Kumi unategemea mtu kukaa mahali kwa muda wa kutosha kujulikana. Mgeni wa usiku mmoja hawezi kujulikana kwa njia hiyo, na kwa hiyo mwenyeji wake ndiye anayepaswa kujulikana badala yake.

Tahadhari moja ni ya lazima. Kukusanya vitambulisho na kufunga kamera ni kushika taarifa za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamfunga hata mwenye chumba kimoja: taarifa zitumike kwa lengo lililotajwa, zihifadhiwe salama, zisikae muda mrefu kuliko inavyohitajika. Kanuni za usajili za mwaka 2021 zinaziweka biashara za malazi miongoni mwa zile zinazotakiwa kujisajili kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data hata zikiwa ndogo. Kamera langoni au kwenye ngazi inafaa. Kamera sebuleni au chumbani ni uvunjaji wa faragha inayolindwa na Kifungu cha 31 cha Katiba. Vilevile tabia ya kupiga picha kitambulisho cha mgeni na kuituma katika kundi la WhatsApp la wenye nyumba, hata kama nia ni njema, inamweka mgeni hatarini kwa jina la kumlinda. Kaunti inayotaka orodha ya wageni iwekwe ingefanya vyema kuchapisha fomu moja fupi na kueleza ni nani anayeruhusiwa kuiomba na kwa utaratibu gani, kwani askari wa kaunti anayeomba daftari la wageni mlangoni bila idhini ni tatizo lingine.

Miji mikubwa ya dunia imechukua njia kali. New York, kwa sheria iliyoanza kutekelezwa Septemba 2023, inamtaka mwenyeji wa muda mfupi ajisajili, awepo nyumbani wakati wa ukaaji, na asipokee wageni zaidi ya wawili. Amsterdam iliweka ukomo wa usiku 30 kwa mwaka. Na Barcelona ilitangaza Juni 2024 kwamba vibali vyote 10,101 vya fleti za watalii vitakoma ifikapo Novemba 2028. Hatua hizo zina sababu moja kuu, nayo ni uhaba wa nyumba za wakazi. Machakos, mji ambao vitanda vyake hujaa kwa siku chache, haina sababu ya kuweka ukomo wa usiku, kwa maana soko lenyewe limekwisha kuuweka. Eneo la kuangaliwa ni lile linalokizunguka chuo kikuu, kwa kuwa huko mwenye ploti akigundua kwamba chumba cha mwanafunzi kinaingiza zaidi kwa wikendi tatu kuliko kwa mwezi mzima, mwanafunzi ndiye atakayehama. Lakini kutoka New York kuna jambo la kuchukuliwa, na hilo ni tofauti kati ya mwenyeji aliyepo na asiyekuwepo, ambayo ni ya maana zaidi kuliko tofauti kati ya hoteli na nyumba.

Jambo lisilofaa kuigwa ni kuliwekea jukwaa la intaneti mzigo wote wa utekelezaji. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 kanuni, inayotumika kuanzia Mei 2026, inayozitaka kampuni za majukwaa ya kukodisha kuonyesha namba za usajili na kuzipa mamlaka takwimu za ukaaji. Huko inafaa, kwa kuwa wageni wengi hupitia majukwaa hayo. Machakos watu huziita nyumba hizi zote Airbnb, lakini nyingi hupatikana kwa namba ya simu iliyotoka kwa rafiki, kwa picha iliyowekwa Facebook au kwa bango barabarani, na malipo huingia kwa M-Pesa moja kwa moja kwa keyateka, yaani msimamizi wa jengo. Kanuni inayosubiri takwimu kutoka kampuni ya Airbnb huko San Francisco itaziona nyumba chache tu, tena zile ambazo tayari ziko wazi kuliko nyingine.

Majirani nao wana haki ambayo mjadala wa vibali huisahau. Katika majengo ya fleti zenye hati zake binafsi, Sheria ya Mali za Sehemu ya mwaka 2020 inaunda shirika la wamiliki lenye kanuni zake za ndani, na shirika hilo lingepaswa kusikilizwa kabla kibali hakijatolewa kwa fleti ya usiku ndani ya jengo hilo, kwa kuwa lifti, lango, mlinzi na tangi la maji ni mali ya wote. Maji hasa si jambo dogo Ukambani. Mji unategemea kwa sehemu kubwa bwawa la Maruba, na jengo lenye mgawo wa siku fulani za wiki linapopokea wageni kumi wa wikendi, anayekosa maji Jumatatu ni mpangaji wa kudumu. Kelele zina sheria yake, Kanuni za Kelele na Mitetemo za mwaka 2009, lakini jirani aliyeamshwa na muziki hahitaji kifungu cha kanuni. Anahitaji namba ya simu ya mtu anayewajibika.

Kibali kinachoifaa Machakos, basi, kingeanza na sajili moja ya manispaa, na katika sajili hiyo kila nyumba ingefungwa kwa jina la mwajibikaji: mtu mzima anayeishi ndani ya manispaa, aliye tayari kufika katika nyumba hiyo kwa muda uliowekwa, tuseme nusu saa, anapoitwa kwa simu na mgeni, jirani au kituo cha polisi. Mwenye nyumba anayeishi hapohapo angekuwa mwajibikaji wake mwenyewe na angelipa ada ndogo kabisa, au asilipe chochote kwa chumba cha kwanza. Asiyeishi hapo angelazimika kumtaja mtu mwingine na kulipa zaidi, na mwajibikaji mmoja asiruhusiwe kusimamia nyumba nyingi kuliko anavyoweza kuzifikia. Namba ya usajili ingeandikwa mlangoni na katika kila tangazo, la jukwaa na la WhatsApp, ili mgeni aweze kuihakiki kwa ujumbe mfupi kabla ya kutuma fedha, na uhakiki huo ndio huduma inayoihalalisha ada. Simu isiyopokelewa mara mbili katika tukio lililothibitishwa ingesimamisha kibali, hata kama ada imelipwa kikamilifu na leseni ya utalii imo ukutani.

Bodi za Machakos na Mavoko zinaweza kupewa madaraka ya kuweka viwango tofauti chini ya sheria moja, kwa kuwa muda wa kufika unaotosha Mua, ambako mwenyeji yuko jikoni, hautoshi Syokimau. Kuhusu nyumba ambazo zimekwisha kufanya kazi bila kibali, zilizo nyingi, adhabu ya papo hapo ingezifanya zifute mabango yao na kuendelea gizani, na walio wa kwanza kudhurika wangekuwa wageni wao. Miezi sita ya kujisajili bila faini, ikitangazwa kwa Kikamba na Kiswahili katika redio, makanisani, misikitini na kwa wasimamizi wa ploti, ingeipatia kaunti orodha ambayo hakuna msako wa askari unaoweza kuikusanya. Nafasi ya kuyaingiza haya ipo kila mwaka, pale muswada wa fedha wa kaunti unapofikishwa kwa wananchi kutoa maoni kama Kifungu cha 196 cha Katiba kinavyoagiza, na wenye vyumba viwili vya Mumbuni, ambao mara nyingi huona mikutano hiyo kuwa ya wafanyabiashara wakubwa, wanapaswa kualikwa kwa majina ya mitaa yao.